Tulipofunga Ili Kupunguza Uzito

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za afya na udiakonia za sharika, kikao cha robo ya tatu ya mwaka 2025.)



Tumeombwa na kamati ya maandalizi tuzungumze juu ya magonjwa yasiyoambukizwa. Tungeweza kuwasomea vitabu, lakini tumeona ni afadhali tuwashirikishe jambo lililotupata sisi wenyewe, watumishi wa ofisi ya miradi, tulipojaribu kupunguza uzito kwa kufunga kula kwa saa. Mambo mengine tutakayoyasema hayatupendezi.

Tunajua baadhi yenu mnashangaa. Ofisi hii mnaijua kwa unga wa njaa, visima na ng'ombe wa kopa-lipa. Inakuwaje leo tuzungumzie vitambi? Jibu ni kwamba mambo yote mawili yako katika sharika zile zile, na wakati mwingine katika nyumba moja. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na utafiti huo huo ukaonyesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Kufikia mwaka 2022 udumavu ulikuwa umeshuka hadi asilimia 30, jambo la kumshukuru Mungu. Kwa upande wa unene, kila mmoja wenu atazame ibada ya Jumapili pale kwaya ya akina mama na ya akina baba zinaposimama. Tunasema hivyo kwa upendo, maana nasi tumo.

Tuanze basi na sisi. Siku ya Jumatano ya Majivu, tarehe 5 Machi 2025, watumishi watano wa ofisi tulipanda juu ya mizani: mratibu, mhasibu, katibu muhtasi, afisa mifugo na afisa afya. Mratibu wenu huyu anayesimama mbele yenu alikuwa na kilo 94 kwa urefu wa mita 1.70. Wenye kalamu wanaweza kupiga hesabu: chukua kilo, gawa kwa urefu, kisha gawa tena kwa urefu. Unapata 32 na ushee. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni kiribatumbo. Shinikizo la damu nalo lilisoma 150 kwa 95, wakati mstari wa hatari ni 140 kwa 90. Tulikuwa tukizunguka sharikani kuwaambia wazee wapime shinikizo, na sisi wenyewe hatujapima kwa miaka mitatu.

Mpango wetu ulikuwa rahisi kuueleza. Tungekula kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, na saa 16 zilizobaki tungekunywa maji au chai isiyo na sukari wala maziwa. Afisa afya alitueleza kwamba ini huhifadhi akiba ya sukari, na mtu asipokula kwa muda wa saa kadhaa akiba hiyo hupungua na mwili huzidi kuyatumia mafuta yake. Hilo ni kweli. Sisi tukalielewa kana kwamba mafuta yatayeyuka yenyewe tukiwa tumelala, liwe lolote tulalolo mchana. Hilo si kweli, na afisa mifugo atakuwa shahidi.

Siku zile Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu nyuma, na mlinzi wetu wa getini ni Mwislamu. Alitucheka sana. Alituuliza, "Mnafunga huku mnakunywa? Hiyo funga gani?" Tulimweleza kuwa yetu ni ya afya. Akasema yeye amefunga tangu utotoni na hajawahi kukonda, kwa sababu mkewe anajua kupika futari, na baada ya viazi vya nazi na tambi kunakuja daku. Tungemsikiliza vizuri siku ile, tungeokoa wiki sita.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Kichwa kiliuma, hasira ilikuwa karibu, na chai ya saa nne ofisini ikawa kama mazishi. Katibu muhtasi alisema anasikia harufu ya maandazi kutoka mgahawa ulio upande wa pili wa barabara. Wiki ya tatu njaa ya asubuhi ilipungua kwa namna ambayo hatukuitegemea, na wengine wetu tukaanza kulala vizuri. Tusidanganyane, tulifurahi. Tukabandika karatasi kwenye ubao wa ofisi yenye majina matano na kilo za kila Jumatatu.

Shida ya kwanza ilikuja tulipoanza safari za sharikani. Ninyi mnajua desturi yetu. Mgeni akifika usharikani saa tatu asubuhi, akina mama wamekwisha kuchemsha chai ya maziwa tangu saa kumi na mbili, kuna mihogo, kuna chapati, na mama mmoja amechinja kuku wake. Sasa unamwambia nini? Katika usharika mmoja tulikataa kwa adabu zote tulizo nazo, tukaeleza habari ya saa. Mwenyekiti wa akina mama, mtu mzima, alitutazama, akasema, "Mwanangu, sisi mwezi uliopita tulifunga siku tatu kwa ajili ya mvua. Ninyi mnafunga kwa ajili ya mkanda?" Watu walicheka, nasi tukacheka. Lakini tulipokuwa tukirudi, garini palikuwa kimya. Wale akina mama wanatoka katika mtaa ambao kila mwaka kabla ya mavuno kuna nyumba zinazopika mara moja kwa siku. Hakuna aliyewafundisha kufunga kwa saa.

Tulibadilisha saa. Tukasema tutakula kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ili tupokee chai ya sharika. Hapo tukagonga mwamba wa pili, nao ulikuwa nyumbani. Katika nyumba zetu nyingi chakula cha jioni ndicho saa pekee ambayo baba, mama na watoto wanakaa pamoja, wanasali, wanaulizana habari za shule. Baba anakaa mezani na glasi ya maji. Mtoto wa mmoja wetu, wa darasa la pili, alimwuliza mama yake kama baba amekasirika. Siku ya tatu naye akasukuma sahani yake pembeni, akasema anafunga kama baba. Tuliposikia habari ile kila mmoja alikwenda kutazama watoto wake. Mtoto anayekua hafungishwi, wala hapaswi kujifunza kwetu kwamba kutokula ni ushujaa.

Ndugu wajumbe, sasa tunafika mahali ambapo ni vigumu kwetu kusema.

Jina la dereva wetu halikuwa kwenye karatasi ya ubaoni. Yeye ana kisukari na anatumia vidonge vya glibenklamaidi. Sisi hatukumwalika kufunga, na hatukumkataza. Hatukumwuliza kitu. Ijumaa moja ya Kwaresima tulikuwa safarini kwenda usharika wa mbali, tuko wanne garini pamoja na mwinjilisti. Mnamo saa tano gari lilianza kwenda upande upande. Tulidhani anakwepa mashimo. Mwinjilisti ndiye aliyeona kwamba shati lake limelowa jasho ilhali kulikuwa na baridi. Tulimwambia asimame. Alisimamisha gari katikati ya barabara, mikono inatetemeka, na tulipomwuliza kuna nini akatujibu habari za ng'ombe aliyepotea mwaka jana.

Tunamshukuru Mungu hakukuwa na lori nyuma yetu. Mwinjilisti, ambaye mama yake alikuwa na kisukari, alikimbia kwenye kibanda akaja na soda. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, tulimnywesha kidogo kidogo. Baada ya robo saa hivi alitutambua. Angekuwa amezimia, tusingepaswa kumwekea kitu chochote mdomoni, bali kumlaza ubavu na kumkimbiza hospitali. Hilo tulilijua baadaye katika kituo cha afya, na tunaomba mlijue leo.

Alikuwa amekunywa kidonge chake asubuhi kama kawaida, lakini hakula. Vidonge vya aina ile hulazimisha mwili kutoa insulini hata kama tumboni hakuna chakula, na sukari hushuka hadi mtu apoteze akili. Tulipomwuliza kwa nini hakula, alisema, "Ofisi nzima mnafunga. Mimi nile peke yangu kama mpagani?"

Tunakiri mbele yenu kwamba kosa lile lilikuwa letu. Tulikuwa na afisa afya katika timu, tulikuwa na mizani na kipimo cha shinikizo, na hatukufikiri juu ya mtu anayetuendesha. Tena tulikuwa tumeibandika kufunga kwetu ukutani, wakati kila mmoja wetu ameifundisha Mathayo sura ya 6 kwa watoto wa kipaimara. Jumatatu iliyofuata tuliibandua ile karatasi. Tangu siku ile kila mtu anapima faraghani na kuandika katika daftari lake.

Hapo ndipo tulipotenganisha mambo mawili tuliyokuwa tumeyachanganya. Kufunga kwa Kwaresima ni ibada. Kanisa limefunga tangu mwanzo; waraka wa kale uitwao Didake uliwaelekeza Wakristo kufunga Jumatano na Ijumaa, na Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anakuita kufunga maandalizi mazuri ya nje ya kuijia Meza ya Bwana, ingawa kustahili kwenyewe hukuweka hapo bali katika imani. Isaya 58 nayo inaifunga ibada hiyo pamoja na mkate wa mwenye njaa. Kupunguza kilo ni kazi ya afya, kama kupiga mswaki. Hakuna dhambi kuifanya, lakini tusiivalishe joho la Kwaresima ili ionekane takatifu, kwa maana mgonjwa akiambiwa ni ibada ataona aibu kukataa. Baada ya Pasaka tuliendelea bila kutaja Kwaresima tena.

Kuna jambo jingine lililotupata ambalo wenzetu wa ng'ambo huenda wasilielewe mara moja. Mhasibu wetu alianza na kilo 81, na katika miezi mitano alifika 72. Ni yeye aliyefanikiwa kuliko wote. Kufikia mwezi wa saba majirani walianza kunong'ona. Mama mkwe alisafiri kuja kumwona na maswali yake yalikuwa ya kuzunguka. Katika mtaa wake watu wawili walimwombea kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba bila kumtaja jina, na kila mtu alijua ni nani. Wengi wenu mnakumbuka. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka zaidi ya 20, hadi serikali ilipoanza kutoa dawa bure mwaka 2004, kukonda kulikuwa na maana moja tu. Mizani tuliyopandia Jumatano ya Majivu ni ile ile ya mradi wa wagonjwa majumbani. Wakati ule tulipiga makofi mtu akiongeza kilo mbili. Si ajabu kwamba watu wetu wanaona mwili mnene ni amani na mwili mwembamba ni msiba. Mhasibu alilia siku moja ofisini, akasema afadhali angebaki na kilo zake. Aliamua mwenyewe kusimama mbele ya kikundi chake cha akina mama na kueleza anachofanya na kwa nini, na kwamba baba yake alifariki kwa kiharusi. Baada ya hapo wanne walikuja kupima shinikizo. Wawili walikutwa liko juu na sasa wanatumia dawa.

Matokeo ya wengine tutayasema haraka. Katibu muhtasi alipunguza kilo tatu, akarudisha nne. Afisa afya alipunguza kilo mbili na kubaki hapo. Afisa mifugo aliongeza kilo mbili: ikifika saa sita alikula cha watu wawili, na kwa wafugaji hakuna anayekataa maziwa. Mratibu sasa ana kilo 88 na shinikizo ni 136 kwa 86. Bado tuko juu ya 30 katika ile hesabu, na koti hili mnaloliona limelegea kidogo tu.

Tulipokaa kuchambua kilichosaidia, hatukuona kwamba saa zenyewe zina muujiza. Tafiti zinasema karibu hivyo hivyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulifuatilia watu 116 kwa wiki 12. Waliokula saa sita hadi saa mbili usiku hawakupungua kwa tofauti ya maana kuliko waliokula milo mitatu ya kawaida. Mwingine wa China wa mwaka 2022 ulikuwa na watu 139 kwa mwaka mzima, wote wakipunguziwa kiasi cha chakula. Waliobanwa kwa saa walipungua wastani wa kilo 8.0, wasiobanwa kilo 6.3, na watafiti waliona tofauti hiyo si ya kutegemewa. Maana yake ni kwamba kufunga kwa saa kunasaidia kama kunakufanya ule kidogo. Kwa baadhi ya watu ni njia rahisi kuliko kupima kila kijiko, kwa wengine ni mateso ya bure.

Kwetu kilichosaidia ni sukari. Kabla ya Machi mratibu alikuwa akinywa vikombe sita vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hivi. Hizo ni gramu 72 kwa siku bila kuhesabu soda, na chupa moja ya soda kwa kawaida ina zaidi ya gramu 30. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu ya chakula, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Asubuhi ya kufunga ilikata vikombe vitatu bila sisi kufikiri. Cha pili ni chakula cha usiku wa manane baada ya vikao. Sasa tumeacha mpango wa saa 16. Wengi wetu tunafunga sahani saa moja usiku na kufungua saa moja asubuhi, tunakaa mezani na watoto, na chai ya usharikani tunaipokea, ila tunaomba isiwe na sukari. Hilo bado linawaudhi baadhi ya akina mama. Tutavumiliana.

Wengi mmetuuliza habari za vidonda vya tumbo. Tangu utotoni tumeambiwa kuwa kuchelewa kula ndiko kunakoleta vidonda. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kuwa chanzo kikubwa ni bakteria, na dawa za maumivu zikitumiwa ovyo ni chanzo kingine. Lakini mwenye vidonda tayari anaweza kuumia sana akikaa na njaa, hivyo aonane na daktari kwanza. Kadhalika mjamzito na anayenyonyesha, mtoto, mzee aliyedhoofika, mgonjwa wa kifua kikuu, anayemeza dawa pamoja na chakula, na zaidi ya wote mwenye dawa za kisukari. Hao wasijaribu kwa kusikia hotuba yetu.

Wafadhili wetu watapenda kujua kuhusu fedha. Hakuna shilingi ya mradi iliyotumika kwa ajili ya zoezi hili. Kilichobadilika ni chakula cha semina. Tangu Julai tumeondoa soda na maandazi, tumeweka maji, ndizi za kuchemsha, mihogo na matunda. Semina ya kwanza ililalamikiwa vikali. Mjumbe mmoja alisimama akauliza fedha za soda zimekwenda wapi, na alikuwa na haki ya kuuliza. Tulikuwa hatujaandaa jibu, ikaonekana kama ofisi imekula soda za watu. Zilikwenda kwenye matunda, ambayo kwa msimu ule yalikuwa ghali kuliko soda, na zilizobaki zimenunua vipande vya kupimia sukari kwa sharika tatu. Sasa stakabadhi zinabandikwa ukutani kila semina.

Kwa upande wa kamati zenu, tunaomba jambo moja tu kwa robo hii: kila usharika uteue siku moja ya kupima shinikizo na sukari baada ya ibada, kwa faragha, kwenye chumba chenye mlango. Msiandike majina ubaoni. Anayepima aulize kila mtu anatumia dawa gani kabla ya kumshauri lolote juu ya chakula. Afisa afya ana ratiba ya vifaa, mwoneni kabla ya kuondoka.

Tutapokea maswali sasa hadi saa saba. Dereva wetu yuko hapo nje na ameahidi kujibu ya kwake mwenyewe, tena tumehakikisha amekula. Chakula cha mchana ni ndizi na maharage, na maji. Stakabadhi ziko karibu na mlango, mkono wa kushoto.